Mlango Ulioitwa Kawira

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Njagi huko Mitunguu, katikati ya migomba yake, na kabla wali haujapoa kwenye sahani nilikuwa nimeshawachekesha waombolezaji mpaka shemeji wa marehemu akapaliwa na maharagwe. Mimi ndivyo nilivyo. Matangani watu husogeza viti upande wangu kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa. Siku hiyo walisogea kama kumi hivi, majirani na jamaa za marehemu, na mmoja wao, mtu wa kule Makutano ninakochomelea milango siku hizi, akapaza sauti: “Fundi, hebu tupe ile ya Kawira.” Nikapangusa mdomo, nikaitoa. Hadithi hiyo nimeisimulia mara elfu kumi, na kila nikiisimulia inaongeza kilo moja. Nilikuwa nimefika pale wapangaji wanapopangwa foleni, nilipouona mkono wa mama mmoja aliyeketi ng'ambo ya meza. Ulikuwa umeshika kijiko na hausogei. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na kovu refu, jembamba, limepinda kama mundu. Nililijua kovu lile, maana chuma kilicholiacha nilikikata mimi. Na jambo ninalotaka kuliandika mapema, kabla sijaanza kujipamba, ni kwamba sikunyamaza. Niliendelea na hadithi.

Mwaka wa hadithi hiyo nilikuwa kijana wa kuchomelea vyuma mjini Embu, mwenye kibanda kimoja cha mabati na mdomo wa vibanda ishirini. Nilikuwa nimepanga chumba nambari nne katika ploti ya Mama Ireri, pale mtaa wa Dallas. Vyumba kumi, vitano kila upande, bomba moja la maji katikati, na mbele karibu na geti nyumba ya Mama mwenyewe. Sebule yake ilikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa mpaka ukikaa unahisi umemkalia bibi harusi. Hapo ndipo aliponiita siku moja, akanimiminia chai nzito ya maziwa, akasema wezi wameingia nyumba ya tatu kutoka yake. “Walikata kufuli na mkasi mkubwa, tak, kama wanakata ukucha. Fundi, mimi binti yangu anaolewa Disemba. Vitu vyake vyote viko chumba hicho cha ndani. Nitengenezee mlango ambao mwizi akiuona ataokoka.”

Milango ya aina hiyo kila mtu wa kwetu anaijua. Kufuli halining'inii nje likimkonyeza mwizi. Unalifungia ndani ya kisanduku cha chuma kilichochomelewa mlangoni, na kando yake unakata tundu. Mwenye nyumba akitaka kufungua anapitisha mkono tunduni, anapapasa kama anayetafuta yai chini ya kuku, anaingiza ufunguo. Mkasi haupiti, nyundo haifiki. Tatizo la mafundi wengine, nilimwambia Mama Ireri huku nikiongezewa chai, ni kwamba wanakata tundu la kupitisha kichwa cha ng'ombe. Mimi nitalikata kwa kipimo cha mkono wake tu, kama fundi wa nguo anavyopima suti. Mama Ireri alikuwa mwanamke wa kujaza mlango wote, lakini Mungu alimpa mikono ya mtoto wa chekechea. Nilichukua waya, nikauzungusha kwenye kiganja chake alichokikunja, nikaubana. Alicheka kama msichana. “Fundi, na kama wangu unapita, wa nani mwingine utapita?” Nikamwambia, “Mama, kuanzia hapa mpaka Isiolo hakuna mwingine.” Sikuwa nimewahi kufika Isiolo.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo ploti nzima ililijua na hakuna aliyelisema. Mama Ireri alinunua kufuli zote za ploti, hata la nyumba yake, kutoka katoni moja, zile za bei ya kuonea huruma, na ufunguo wa chumba kimoja ulifungua kufuli la chumba kingine kama ndugu wa damu. Mimi niliwahi kuingia chumba nambari tano nikidhani ni changu, nikavua viatu, nikashangaa nani ameniletea kitanda kizuri. Kwa hiyo nyumba ya Mama ilikuwa inalindwa na tundu langu peke yake. Nililijua hilo, na lilinifanya nitembee kifua mbele. Nilikuwa na haraka vilevile, kwa sababu watu wengine wawili walikuwa wanangoja milango, basi sikupiga tupa kingo za tundu kuzilainisha. Ziliachwa kali kama zilivyotoka kwenye moto. Na kwa kuwa mlango ulifungukia nje, bawaba nikaziweka nje, na pini zake nikazitia bila kuzichomelea vichwa ili zising'oke. Nilijiambia nitarudi.

Jioni tulikuwa tunasoma. Nasema tulikuwa, maana chumba nambari saba aliishi Kawira, msichana wa upande wa Meru aliyeosha vyombo katika hoteli moja karibu na soko, na sisi wawili tulikuwa wanafunzi wa Mwalimu Njagi. Wenzetu pale ploti waliliita darasa letu ngumbaru. Lilifanyika katika shule ya chekechea ya kanisa, kuanzia saa kumi na moja jioni, na viti vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Tulikaa magoti yakigusa masikio, mafundi na mayaya na askari wa getini, chini ya picha ya nanasi lenye macho, tukijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa nje. Mwalimu alikuwa na neno moja alilolipiga ubaoni kila siku kama msumari: njia. “Jibu bila njia ni sufuri. Onyesha njia.” Mimi nilikuwa bingwa wa majibu. Nilitaja jibu kabla swali halijaisha, na mara moja katika mia nilipatia. Kawira alionyesha njia. Alikuwa mwembamba hivi kwamba akisimama pembeni mwa mlango unadhani ni komeo, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni, lakini chaki ilipokaa kati yake hesabu zilijipanga zenyewe.

Jumamosi alinialika chumbani kwake kunifunza hesabu. Kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili, na vitabu vimepangwa juu ya katoni kama vyombo vya harusi. Tulikula githeri yake ya mahindi na maharagwe, ambayo alikuwa anaipika kwa muda mfupi kuokoa mafuta, hivyo punje ikikudondoka ilitoboa sakafu. Nilimwambia hivyo. Alicheka, akaniongezea. “Wewe Fundi,” akasema, “ungekuwa unapewa maki kwa kelele ungekuwa profesa. Unajua shida yako? Unapenda watu wacheke kuliko unavyopenda kupata.” Alitaka kwenda chuo cha ualimu. Alisema hivyo huku akikwangua sufuria, bila madoido, kama mtu anayesema kesho atafua. Mtihani ulikuwa wiki tatu mbele.

Basi Jumapili moja tukaenda kanisani, ploti nzima isipokuwa Kawira, ambaye hoteli ilimpa siku hiyo tu ya kulala. Tuliporudi saa saba na nusu mlango wa Mama Ireri ulikuwa umefungwa. Alipitisha kamkono kake, akafungua kufuli, akaingia, na kilio alichotoa nafikiri kilisikika Kirinyaga. Cherehani mpya haipo. Blanketi za harusi hazipo. Televisheni haipo, na kitambaa chake kimekunjwa vizuri mezani, kana kwamba mwizi alilelewa. Lililowachanganya watu ni kwamba hakuna kilichovunjwa. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa. Kakake Mama Ireri, Mzee Nthiga, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa bado amevaa tai, alizunguka mlango mara mbili, akasimama mbele ya tundu, akatangaza: “Hapa pameingia mkono. Na mkono ni wa hapa hapa. Funguo mnazo nyote.”

Geti likafungwa. Foleni ikapangwa. Nataka niseme ukweli kuhusu foleni ile, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoichekeshea watu: ilikuwa ya kufurahisha. Hofu iliisha mtu wa kwanza aliposhindwa. Dereva wa lori wa chumba cha pili aliingiza vidole vitatu, vikagoma, akaubusu mkono wake mbele ya watu: “Asante kwa kunenepa!” Mama muuza muguka, yale majani ya kutafuna, aliukunja mkono, akausukuma, akautoa, akapiga vigelegele. Kila aliyeshindwa alikwenda kusimama upande wa pili karibu na bomba na kuwa jaji. Wangu ulikwama kwenye gumba. “Fundi amejifungia nje mwenyewe!” wakapiga kelele, nami nikainama kama mwigizaji. Halafu mtu akasema, “Na yule wa saba?”

Kawira alikuja akiwa na kanga na alama ya mto shavuni.

“Ulikuwa wapi watu wakiwa kanisani?” Mzee Nthiga akauliza.

“Nilikuwa nimelala.”

“Mchana?”

“Nafanya kazi siku sita, mzee.”

“Na hukusikia kitu?”

“Chumba changu kiko nyuma. Sikusikia.”

“Weka mkono.”

Aliuangalia mlango kama anavyoangalia hesabu. Kisha akaweka mkono, bila kulazimishwa, na ukapita kama maji. Watu wakasema “Haaa!” kwa pamoja. Yeye akageuza shingo, mkono ukiwa ndani, akasema kwa sauti ya darasani, “Kuingia si kuiba. Hata wa Mama unaingia.”

“Mmesikia!” muuza muguka akaruka. “Anamwita Mama mwizi wa nyumba yake!”

“Mtoto wa watu alipewa chumba kwa huruma!”

“Ati siku sita. Sasa ameiba siku ya saba, hata Mungu alipumzika!”

Hiyo ilichekesha sana. Mzee Nthiga akasema tuone kama unafika kwenye kufuli, akashika kiwiko chake, akausukuma ndani zaidi. Kingo ambazo sikupiga tupa zikamchana. Hakulia. Alisema “Mzee, kinakata,” mara mbili, kwa adabu, na damu ikateremka juu ya rangi ya kijivu niliyoipaka mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama upande wa bawaba. Nilikuwa nimeegemea ukuta, mikono kifuani, mtaalamu. Macho yangu yakashuka yenyewe kama macho ya fundi yanavyofanya, na nikaiona. Pini ya bawaba ya chini ilikuwa imerudishwa kichwa chini, imegongewa humo kwa haraka. Ile ya juu ilikuwa imekwaruzwa rangi, chuma kikang'aa kipya. Yaani mwizi hakushughulika na tundu langu hata kidogo. Aligonga pini zikatoka, akaubandua mlango kutoka upande wa pili kama anayefungua kitabu kwa nyuma, akapitisha cherehani na televisheni na blanketi zote, kisha akazirudisha pini. Kazi ya watu wawili na nusu saa. Mtoto angeielewa ningemwonyesha kwa kidole. Nilihitaji kunyoosha kidole kimoja tu.

“Fundi,” Mzee Nthiga akaniita, bado ameshika kiwiko. “Wewe ndiye ulipima. Tuambie mbele ya watu. Kuna mkono mwingine hapa Dallas ungepita humu?”

Watu wakasogea kunisikiliza. Sijawahi kusikilizwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu. Nilifikiria milango yangu mingine mjini, karibu thelathini, yote ikiwa na pini nje vilevile. Nilifikiria vyumba vipya alivyokuwa akijenga Mama Ireri, ambavyo milango yake alishaniahidi. Ningetaka kuandika kwamba nilifikiria kwa muda mrefu. Haikuchukua hata pumzi moja.

“Labda wa mtoto mchanga,” nikasema. “Na mtoto mchanga habebi televisheni.”

Ploti ikaanguka kwa kicheko. Mtu alinipiga mgongoni. Hata Mama Ireri, machozi yakiwa bado usoni, alicheka. Kawira ndiye aliyeniangalia. Akasema polepole, kama tuko Jumamosi na sufuria iko kati yetu, “Fundi, hilo ni jibu. Njia iko wapi?”

Nikacheka na wengine.

Walimtoa alasiri hiyo hiyo. Wanawake waliingia chumba nambari saba kutafuta blanketi, wakapindua kitanda, wakamwaga githeri kwenye karai, kana kwamba cherehani ingejificha chini ya maharagwe. Hawakupata kitu, na kutopata kukawa ushahidi: ana wenzake, ameshavipeleka Meru. Nguo zake zilitupwa nje ya geti. Hoteli ilisikia kabla ya jioni, ikamwambia asirudi. Chekechea ilikuwa ya kanisa, na Mzee Nthiga alikuwa mzee wa kanisa, kwa hivyo Jumatatu alisimama mlangoni mwa darasa kuhakikisha mwizi hakanyagi. Mtihani ulifika bila yeye. Mwalimu Njagi aliendelea kuita jina lake kwenye rejista kila jioni, “Kawira,” akingoja kidogo, kisha anaita linalofuata. Jioni moja aliniita kando, akaniuliza, “Fundi, wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?” Nikamsimulia, na nilipofika kwa mtoto mchanga na televisheni nikangoja acheke, maana hadi hapo kila mtu alikuwa amecheka. Aliokota chaki yake. Akasema, “Rudi ukae.” Niliupita mtihani ule, hesabu nikapata alama ambayo hata mimi sijawahi kuiongezea.

Lakini nimeruka Jumatano. Jumatano ile, saa sita mchana, wapangaji wakiwa kazini, nilirudi na mashine yangu kuzichomelea pini za Mama Ireri vichwa. Nilimwambia ni huduma ya bure, namwongezea usalama. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bawaba ya chini, miwani myeusi usoni, nilipohisi mtu nyuma yangu. Kawira alikuja kuchukua vitabu vyake, ambavyo jirani alimhifadhia. Alikuwa na kitambaa kimefungwa mkononi, kimelowa.

“Unachomelea nini, Fundi?”

“Naongeza nguvu tu.”

Aliangalia bawaba. Akaangalia pini niliyokuwa nimeing'oa na kuiweka chini, yenye alama za nyundo upande usio wake. Aliangalia kwa utulivu, kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari. Kisha akajitwika katoni yake kichwani, akatoka getini. Nilijiambia hakuelewa. Nilijiambia hivyo kuhusu mtu aliyenifundisha kila hesabu niliyowahi kuijua.

Mwaka ule uliisha vizuri kwangu, lazima niseme. Habari za foleni zilienea mji mzima, na kila mwenye nyumba akataka tundu la kipimo cha mkono wake. Watu walikuja kibandani wakiwa wamekunja viganja tayari. Hawakusema wanataka mlango wa kisanduku. Walisema, “Fundi, nitengenezee Kawira.” Kawira moja ya kijani, Kawira mbili za kijivu. Jina lile lilitoka Embu na lori za mchanga, likafika Chuka, likanitangulia Makutano nilipohamia. Hadi leo fundi kijana ambaye alikuwa hajazaliwa wakati ule anamwuliza mteja, “Unataka ya kawaida ama Kawira?” Pini za milango yangu ya zamani nilizipitia zote, mlango kwa mlango, bure, na watu wakasema Fundi ana roho nzuri. Mwizi hakupatikana. Hakuna aliyemtafuta, alikuwa ameshapatikana.

Kule Mitunguu, basi, nilimaliza hadithi. Mtoto mchanga, televisheni, kicheko. Mtu wa Makutano akagonga meza: “Na mimi Kawira yangu bado iko mlangoni, haijawahi kuniangusha!” Yule mama aliweka kijiko chini. Amenenepa, amevaa miwani, na watu wa pale walikuwa wakimwita Madam. Baadaye niliambiwa alirudia masomo Meru miaka mingi baadaye, akawa mwalimu akiwa na watoto wawili, na kwamba Mwalimu Njagi ndiye aliyemwandikia barua za kumtafutia nafasi. Hakuna aliyekuwa pale aliyejua jina lake la usichana. Angeweza kulisema. Nilingoja alisimamishe pale mezani, kati ya sahani, mbele ya hao kumi, na nusu yangu ilitaka alisimamishe.

“Fundi,” akasema, “nimejenga nyumba Nkubu. Nataka mlango kama huo.”

“Madam, umefika kwa mwenyewe!”

“Basi pima.”

Akaunyoosha mkono juu ya meza, kovu likiwa juu. Watu wakashangilia. Mtu akanipa kamba ya katani iliyofunga kreti za soda. Nilisimama, nikaizungusha kwenye kiganja chake alichokikunja, na fundo likanitoka mara mbili. Alinishikia ncha moja kwa mkono wa pili, kama anavyomsaidia mwanafunzi. Nikavuta. Mkono wake siku hizi usingepita katika tundu lile.

“Na bawaba za kwangu,” akasema, bila kupandisha sauti, “uziweke ndani.”

Meza ikacheka, maana walidhani ni Madam anajaribu kumfundisha fundi kazi. Wakanigeukia wakingoja jibu langu. Walikuwa wananisikiliza kama ploti ile ilivyonisikiliza, uma na vijiko vimesimama hewani, na yeye alikuwa ananiangalia kupitia miwani, ananipa nafasi kama Mwalimu alivyokuwa anangoja baada ya kuita jina.

“Madam,” nikasema, “bawaba zangu hazijawahi kulalamikiwa kuanzia hapa mpaka Isiolo.”

Wakacheka. Alichukua kijiko chake, akamalizia wali.